Picha za Karibu za Vitu Tuli kwa Kamera ya Filamu ya Fomati Kubwa: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali yaliyokusanywa hapa ni yale yanayorudi tena na tena kila mtu anapochukua kamera kubwa ya filamu, akaielekeza kwenye tunda, kombe la baharini au chupa, kisha akagundua kwamba mazoea ya upigaji picha wa kawaida hayamsaidii. Yanaanza na mambo ya msingi na kuishia kwenye hali zinazojitokeza mara chache. Neno "hatua" limetumika kwa maana moja tu: kuongeza mwanga maradufu au kuupunguza kwa nusu.

## Mambo ya msingi

1. Kamera ya fomati kubwa ni ipi, na kwa nini itumike kupigia vitu vidogo?

Ni kamera inayotumia filamu ya vipande badala ya mkanda, kila kipande kikiwa picha moja. Kipimo kilichozoeleka zaidi ni inchi 4 kwa 5, yaani takribani sentimita 10 kwa 12.5, na kinachofuata kwa umaarufu ni inchi 8 kwa 10. Lenzi imefungwa kwenye fremu ya mbele, filamu huingia kwenye fremu ya nyuma, na katikati yake kuna mvukuto unaokunjuka na kukunjika kama ule wa mhunzi, ingawa kazi ya huu ni kuzuia mwanga tu. Picha hutazamwa kwenye kioo cha ukungu kilicho nyuma, ambako huonekana miguu juu kichwa chini, na kulia kukiwa kushoto.

Sababu ya kuitumia si ukubwa wa negativu peke yake, ingawa eneo la picha la inchi 4 kwa 5 ni takribani mara 13 ya lile la filamu ya milimita 35, na tofauti hiyo inaonekana wazi katika maganda, nyuzi za kitambaa na vivuli vinavyofifia taratibu. Sababu yenye uzito zaidi, kwa maoni yangu, ni kwamba fremu hizo mbili huinamishwa na kugeuzwa kila moja kivyake, hivyo mpiga picha huamua mwenyewe ukali ulale wapi. Edward Weston alipopiga picha yake ya pilipili hoho, Pepper No. 30, mwaka 1930, alitumia kamera ya inchi 8 kwa 10 na kuiweka pilipili hiyo ndani ya faneli ya bati. Negativu zake za kipimo hicho alizichapa kwa kuzilaza moja kwa moja juu ya karatasi, bila kuzikuza.

2. "Uwiano wa ukubwa" ni nini, na kwa nini kila maelezo huanza nao?

Ni ukubwa wa kitu kinavyoonekana kwenye filamu ukilinganishwa na ukubwa wake halisi. Kombe la sentimita 6 likionekana kwenye filamu likiwa na sentimita 6, uwiano ni 1:1. Likionekana na sentimita 3, uwiano ni 1:2. Namba hiyo moja ndiyo inayoamua urefu wa mvukuto, mwanga utakaopotea, kina cha ukali (yaani umbali wa mbele hadi nyuma ambamo kitu huonekana kikali) na hata kiasi cha kuinamisha lenzi. Anayeijua kabla ya kufungua shata amekwisha kumaliza nusu ya kazi.

Jambo linalowashangaza wengi ni kwamba filamu kubwa hukifanya kila kitu kuwa "cha karibu". Tofaa lenye upana wa sentimita 8 likichukua nusu ya upande mrefu wa filamu ya milimita 35, uwiano ni chini kidogo ya 1:4, na hakuna anayehitaji hesabu yoyote ya ziada. Tofaa hilohilo likichukua nusu ya upande mrefu wa filamu ya inchi 4 kwa 5 hufikia uwiano wa 3:4, na kwenye inchi 8 kwa 10 huwa kubwa kuliko lilivyo kwa kweli. Mtu anadhani anapiga picha ya kawaida ya tunda mezani, kumbe ameshaingia katika upigaji wa karibu kabisa.

3. Je, kamera ya kukunja inatosha, au ni lazima iwe ya reli?

Kamera ya kukunja, ile inayojifunga kama sanduku la kubebea, inatosha kwa mandhari ya meza, yaani uwiano wa 1:4 au hata 1:2, mradi mvukuto wake uwe mrefu kadiri inavyotakiwa (tazama swali la 5). Kamera ya reli, ambayo fremu zake huteleza juu ya reli moja, hufaa zaidi kwa sababu mbili: mvukuto na reli yake vinaweza kuongezwa urefu, na fremu ya nyuma husogea kwa ajili ya fokasi, jambo ambalo umuhimu wake umeelezwa katika swali la 6. Uzito wake, ambao ni mzigo kwa anayepanda mlima, ni faida kwa anayefanya kazi chumbani.

4. Je, nahitaji lenzi maalumu ya makro?

Si mwanzoni. Lenzi nyingi za kawaida za milimita 150 au 210 zimerekebishwa kwa vitu vilivyo mbali, lakini zikifungwa tundu la mwanga hadi f/22 (kadiri namba ya f inavyokuwa kubwa ndivyo tundu linavyokuwa dogo) hufanya kazi nzuri hadi karibu na 1:3. Kuanzia hapo kuelekea 1:1, lenzi iliyotengenezwa kwa ajili ya umbali mfupi huonyesha tofauti, hasa pembezoni mwa picha. Miongoni mwa zinazojulikana ni Makro-Symmar ya Schneider, Apo-Macro-Sironar ya Rodenstock na Nikkor AM ED. Wengi pia hutumia lenzi za zamani za viwanda vya uchapaji, kama G-Claron na Apo-Ronar, ambazo zilibuniwa kunakili michoro bapa kwa ukubwa uleule. Tundu lake likifunguliwa hadi mwisho bado ni dogo, kwa kawaida f/9, hivyo kioo huwa na giza, lakini ukali wake haulalamikiwi.

## Mvukuto, umbali na fokasi

5. Mvukuto unatakiwa uwe na urefu gani?

Chukua urefu wa fokasi wa lenzi (ile namba ya milimita iliyoandikwa juu yake), kisha uuzidishe kwa moja ukijumlisha uwiano wa ukubwa. Lenzi ya milimita 150 kwa uwiano wa 1:4 huhitaji milimita 188 hivi, kwa 1:2 milimita 225, na kwa 1:1 milimita 300. Lenzi ya milimita 210 kwa 1:1 huhitaji milimita 420, na ya milimita 300 huhitaji milimita 600, urefu ambao kamera nyingi za kukunja haziufikii hata kidogo. Kwa hiyo kabla ya kutafuta lenzi nyingine, nyoosha mvukuto ulio nao hadi mwisho, upime kwa rula, kisha ugawanye kwa urefu wa fokasi na utoe moja: utakachopata ndicho kikomo chako cha ukubwa.

6. Nikisogeza lenzi mbele na nyuma, picha hubadilika ukubwa lakini haiingii kwenye fokasi. Kuna kasoro gani?

Hakuna kasoro, ndivyo maumbile ya mwanga yalivyo karibu na 1:1. Unaposogeza lenzi kuelekea kwenye kitu, umbali kati ya kitu na lenzi unapungua huku umbali kati ya lenzi na filamu ukiongezeka kwa kiasi hichohicho. Katika uwiano wa 1:1 jumla ya umbali kutoka kwenye kitu hadi kwenye filamu iko katika kiwango chake cha chini kabisa, mara nne ya urefu wa fokasi, na hapo kuisogeza lenzi kidogo hakubadilishi ukali karibu hata chembe. Mtu anaweza kuzungusha kitasa nusu saa nzima akiilaumu kamera bure.

Dawa yake ni kubadili utaratibu. Kwanza weka urefu wa mvukuto kulingana na uwiano unaoutaka, kama ilivyoelezwa katika swali la 5. Pili, sogeza kamera nzima, au kitu chenyewe, hadi picha ikaribie ukali. Tatu, malizia kwa fremu ya nyuma, kwa kuwa kuisogeza hakubadilishi umbali wa lenzi na kitu, na hivyo mtazamo wa picha hubaki palepale. Asiye na fremu ya nyuma inayosogea anaweza kuweka kitu juu ya ubao na kuusogeza ubao huo milimita kwa milimita. Njia hiyo haina hadhi, lakini inafanya kazi.

7. Nichague lenzi fupi au ndefu?

Kwa uwiano ule ule wa ukubwa na tundu lile lile, lenzi fupi na ndefu hutoa kina cha ukali kilicho sawa kwa karibu sana. Kwa hiyo chagua kwa kuangalia nafasi ya kufanyia kazi na mtazamo. Kwa 1:2, lenzi ya milimita 150 huwa sentimita 45 kutoka kwenye kitu, ya milimita 210 huwa sentimita 63, na ya milimita 300 huwa sentimita 90. Lenzi iliyosogea mno hukizibia kitu mwanga na hulifanya umbo la mbele livimbe, jambo linaloonekana upesi kwenye mdomo wa kikombe. Milimita 210 kwa filamu ya inchi 4 kwa 5 ni chaguo ambalo sijawahi kulijutia, ilimradi mvukuto uifikie.

8. Picha kwenye kioo ina giza kiasi kwamba siioni. Nifanyeje?

Zima taa zote zisizohitajika, jifunike vizuri kwa kitambaa cheusi, na uyape macho dakika mbili au tatu yazoee. Fungua tundu hadi mwisho wakati wa kufokasi, tumia kioo cha kukuzia kinachokaa juu ya kioo cha ukungu, na elekeza tochi kwenye sehemu unayoitaka iwe kali. Penye sehemu laini isiyo na alama, kama uso wa yai, simamisha kipande cha karatasi chenye maandishi madogo mahali hapohapo, fokasi juu yake, kisha ukiondoe.

## Mwanga na hesabu zake

9. Nimefuata kipima mwanga barabara, lakini negativu zimetoka nyepesi. Kwa nini?

Kwa sababu namba za f zilizoandikwa kwenye lenzi ni za kweli pale tu lenzi inapotazama mbali. Mvukuto unaponyooshwa, mwanga uleule hutawanyika juu ya eneo kubwa zaidi, na filamu hupata sehemu ndogo tu. Kipima mwanga kilichoshikwa mkononi hakina habari na mvukuto wako.

Kiasi cha kuzidisha muda ni moja ukijumlisha uwiano, kisha jumla hiyo uizidishe kwa yenyewe. Kwa 1:4 ni mara 1.56, yaani karibu theluthi mbili za hatua; kwa 1:2 ni mara 2.25, zaidi kidogo ya hatua moja. Kwa 1:1 ni mara 4, hatua mbili kamili. Hata kwa 1:10 ni mara 1.21, ambayo haidhuru filamu ya negativu lakini huonekana kwenye filamu ya slaidi. Anayependa kupima mvukuto badala ya kitu anaweza kugawanya urefu wa mvukuto kwa urefu wa fokasi na kuzidisha jibu kwa lenyewe; matokeo ni yaleyale.

10. Kuna njia ya haraka ya kujua uwiano bila kupima mvukuto?

Weka rula mezani mahali pa kitu, iwe sambamba na filamu, kisha pima kwa rula ya pili inavyoonekana kwenye kioo. Sentimita 5 za rula zikionekana kama sentimita 4, uwiano ni 0.8, jumlisha moja upate 1.8, zidisha kwa yenyewe upate mara 3.24, ambayo ni hatua moja na theluthi mbili hivi. Njia hii ni bora kuliko kupima mvukuto, kwa sababu haikulazimishi kubahatisha lenzi inaanzia wapi hasa. Kumbuka tu kuiondoa rula kabla ya kupiga, maana wapo walioisahau.

11. Kwa nini muda mrefu haufanyi kazi kama hesabu inavyodai?

Filamu huchoka. Mwanga ukiwa hafifu na muda ukiwa mrefu, filamu haiupokei mwanga wote kama inavyoupokea katika muda mfupi, hali ambayo mwanafalaki Karl Schwarzschild aliichunguza mwishoni mwa karne ya 19. Kwa picha za karibu jambo hili haliepukiki, kwa kuwa tundu dogo na mvukuto mrefu husukuma muda kutoka kwenye sehemu za sekunde hadi makumi ya sekunde.

Filamu hazichoki sawa. Kwa filamu zake za nyeusi na nyeupe, FP4 Plus na HP5 Plus, kampuni ya Ilford hutoa kanuni ya kipeo: chukua muda uliopimwa kwa sekunde, uinue kwa 1.26 kwa FP4 Plus au 1.31 kwa HP5 Plus. Sekunde 10 huwa 18 kwa ya kwanza na 20 kwa ya pili. Sekunde 30 huwa 73 na 86. Filamu ya slaidi ya Provia 100F, kwa maelezo ya Fujifilm, haihitaji marekebisho yoyote hadi sekunde 128. Andika namba za filamu yako kwenye karatasi na uibandike kwenye sanduku la kamera, kwa sababu gizani chini ya kitambaa hakuna anayekumbuka.

Uchovu huo una athari ya pili ambayo husahauliwa: sehemu za kivuli huchoka zaidi kuliko sehemu angavu, hivyo tofauti kati ya weusi na weupe huongezeka. Muda ukipita dakika moja au zaidi, ni busara kupunguza kidogo muda wa kuisafisha filamu kwenye dawa. Filamu za rangi huweza pia kuhama rangi.

12. Nianze na hesabu ipi, ya mvukuto au ya uchovu wa filamu?

Mvukuto kwanza, na filta kama ipo. Uchovu wa filamu huja mwisho daima, kwa sababu unategemea mwanga unaoifikia filamu kwa kweli. Tuseme kipima mwanga kinasema sekunde 4 kwa f/22, na uwiano ni 1:1. Mara nne ni sekunde 16, na kwa FP4 Plus sekunde 16 huwa 33. Ukigeuza mpangilio utapata sekunde 23 tu, na filamu itakuwa imekosa nusu hatua.

13. Je, flashi inaondoa hesabu hizi?

Inaondoa ile ya uchovu, kwa kuwa mwako wake ni mfupi mno, lakini ile ya mvukuto inabaki. Nguvu ya flashi isipotosha, acha shata wazi katika chumba chenye giza na uiwashe mara kadhaa. Kila hatua ya ziada huhitaji idadi maradufu: mara 1, 2, 4, 8, 16. Baada ya mara nane mashaka huanza, si ya mwanga bali ya kitu kusogea katikati ya kazi.

14. Naweza kutumia kamera ya dijitali kupimia mwanga?

Ndiyo, na ni msaada mkubwa wa kukagua vivuli na mng'ao kabla ya kutumia kipande cha filamu. Tahadhari ni moja: kamera ya dijitali ikisogezwa karibu sana, lenzi yake nayo hupoteza mwanga, na ukijumlisha hesabu ya swali la 9 juu yake utakuwa umehesabu mara mbili. Ipige ikiwa umbali wa mita moja au zaidi, kisha ongeza marekebisho ya mvukuto wako. Kipima mwanga cha aina ya kusoma kwenye kioo cha ukungu chenyewe hakihitaji marekebisho hayo.

## Ukali na mahali pake

15. Kina cha ukali ni kidogo mno. Je, nifunge tundu hadi mwisho?

Hapa ndipo wengi huharibu picha kwa nia njema. Kwa filamu ya inchi 4 kwa 5 na tundu la f/22, tukikubali ukungu wa milimita 0.1 kwenye negativu, kina cha ukali ni karibu sentimita 9 kwa 1:4, sentimita 2.6 kwa 1:2, na milimita 9 tu kwa 1:1. Kwa macho ya aliyezoea kamera ndogo namba hizo ni za kutisha, na mkono huenda wenyewe kwenye f/45 au f/64.

Tatizo ni difraksheni, yaani mwanga kupinda unapopita kwenye tundu dogo, kiasi kwamba nukta huwa duara. Na tundu linalohesabika si lile lililoandikwa, bali lile la kweli: zidisha namba ya f kwa moja ukijumlisha uwiano. Kwa 1:1, f/22 ni f/44 kwa kweli, na duara la difraksheni lina upana wa takribani milimita 0.06. Ukifunga hadi f/45, tundu la kweli ni f/90 na duara linafika milimita 0.12, pana kuliko ule ukungu tuliokuwa tunaukimbia. Picha nzima inakuwa na ukali sawa kila mahali, lakini hakuna mahali palipo na ukali wa kweli.

Kwa hiyo kwa 1:1 simama kwenye f/22, au f/32 ukilazimika. Kwa 1:4, f/32 haina neno. Anayechapa bila kukuza, kutoka negativu ya inchi 8 kwa 10, ana uhuru zaidi, kwa sababu kasoro hizo hubaki ndogo kuliko jicho linavyoweza kutofautisha. Wengine wote wanashauriwa kutatua tatizo kwa kupanga vitu na kuinamisha lenzi, si kwa kufunga tundu. Na mara nyingi jibu sahihi ni kurudi nyuma: picha nyingi nzuri za vitu tuli ziko kati ya 1:4 na 1:2, na ile tamaa ya 1:1 huisha mtu anapoona alichopoteza.

16. Kuinamisha lenzi kunasaidiaje?

Lenzi na filamu zikiwa sambamba, uso wa ukali nao huwa sambamba nazo, kama kioo cha dirisha kilichosimama mbele ya kamera. Lenzi ikiinamishwa, uso huo hulala. Kanuni yake ni kwamba uso wa filamu, uso wa lenzi na uso wa ukali, vikirefushwa, hukutana kwenye mstari mmoja. Inajulikana kwa jina la Theodor Scheimpflug wa Austria, aliyeiwekea hataza mwaka 1904, ingawa Mfaransa Jules Carpentier alikwisha kuigusia katika hataza yake ya mwaka 1901.

Katika picha za mandhari nyuzi chache hutosha. Katika picha za karibu pembe huwa kubwa kuliko watu wanavyotarajia: ili uso wa ukali ulale kwa nyuzi 45, lenzi huinama takribani nyuzi 11 kwa uwiano wa 1:4, na karibu nyuzi 27 kwa 1:1. Kamera nyingi za kukunja hazifiki huko, na hapo mtu hugawana mzigo kati ya fremu ya mbele na ya nyuma. Habari njema ni kwamba duara la picha linalotolewa na lenzi hukua pamoja na mvukuto na huwa karibu maradufu kwa 1:1, hivyo hofu ya pembe kuingia giza ni ndogo.

Ieleweke kwamba kuinamisha hakuongezi kina cha ukali bali hukihamisha. Kisu, jani au kitabu kilicholala mezani hunufaika. Chupa iliyosimama katikati yake hupoteza shingo. Kabla ya kugusa kitasa, jiulize uso mmoja unaopita kwenye sehemu zote muhimu uko wapi. Usipoupata, panga vitu upya.

17. Niinamishe fremu ya mbele au ya nyuma?

Ya mbele hubadilisha ukali bila kubadilisha umbo. Ya nyuma hubadilisha vyote viwili: sahani ya duara huweza kurefuka, na kitu cha mbele huweza kukua. Kwa vitu ambavyo mtazamaji anavijua umbo lake, anza na mbele. Kwa maua au makombe, ambayo hakuna anayeyapima, fremu ya nyuma ni chombo cha uchoraji.

18. Naweza kuunganisha picha kadhaa zenye fokasi tofauti, kama wafanyavyo kwenye dijitali?

Kwa nadharia, ndiyo, baada ya kuskani kila kipande. Kwa vitendo, vipande kumi vya filamu kwa picha moja, kila kimoja kikihitaji kuingizwa kwa holda (kibebeo bapa cha filamu kisichopitisha mwanga) bila kuitikisa kamera, ni kazi inayoondoa sababu ya kutumia filamu.

## Vitu mezani

19. Nipigeje kioo na chuma?

Kitu kinachong'aa hakina sura yake. Kinaonyesha kilicho mbele yake. Kwa hiyo unachokimulika si kijiko bali kadibodi nyeupe ambayo kijiko kinaiona, na kadibodi nyeusi iliyowekwa pembeni ndiyo inayokipa ukingo. Kwa glasi kuna njia mbili za kale: usuli mweupe unaong'aa nyuma yake, ambapo kingo hutoka nyeusi, au usuli mweusi wenye mwanga kutoka pembeni, ambapo kingo hutoka nyeupe. Kuchanganya njia zote mbili katika picha moja huzaa glasi isiyoeleweka.

Filta ya polaraizesheni hupunguza mng'ao wa maji, kioo na rangi ya vanishi, lakini haina nguvu juu ya chuma kitupu isipokuwa taa nazo zimewekewa karatasi za polaraizesheni. Hula hatua moja na nusu hadi mbili za mwanga, na hizo huingia kwenye hesabu kabla ya uchovu wa filamu (swali la 12).

20. Maua na matunda husogea. Nifanyeje?

Ua lililotoka kukatwa huendelea kufunguka na kugeukia mwanga, na taa yenye joto huliharakisha. Katika sekunde 60 kwa uwiano wa 1:1, petali ikisogea milimita moja imesogea milimita moja kwenye filamu pia. Liache ua ndani ya maji na mahali palepale kwa saa kadhaa kabla ya kupiga, fokasi ukitumia tochi badala ya taa kubwa, na tumia flashi kwa maua yenye shina laini. Matone ya maji hukauka mbele ya macho. Mchanganyiko wa maji na gliserini hudumu.

21. Kamera iko kwenye tripodi imara, lakini picha zina mtikisiko. Unatoka wapi?

Mara nyingi kwenye holda. Kuivuta kifuniko chake huitikisa fremu ya nyuma, na reli ndefu iliyoshikwa katikati tu hutetemeka kama tawi. Subiri nusu dakika baada ya kuvuta kifuniko. Kwa muda mrefu, shika kadibodi nyeusi mbele ya lenzi bila kuigusa, fungua shata kwa waya wa kufyatulia, subiri, ondoa kadibodi, hesabu sekunde, irudishe, kisha funga shata. Weka tegemeo la pili chini ya ncha ya reli. Sakafu ya mbao nayo hupeleka nyayo hadi mezani, simama tuli.

## Hali zinazojitokeza mara chache

22. Nikipiga kutoka juu kuelekea chini, katikati ya picha hupoteza ukali. Kwa nini?

Kipande cha filamu hakijabanwa katikati, hivyo kamera ikielekezwa chini kabisa kinaweza kubonyea. Piga holda vigonge vyepesi kwa kidole kabla ya kuiingiza, uipe dakika moja itulie, na usiiache filamu katika hewa yenye unyevu mwingi. Ikiwa kitu kinaruhusu, kibandike ukutani na upige kwa mlalo, tatizo lote litaondoka.

23. Vipi kuhusu picha kubwa kuliko kitu chenyewe?

Inawezekana. Karl Blossfeldt wa Ujerumani alitumia kamera aliyojitengenezea kupiga machipukizi na mbegu ambazo picha zake zinazifanya zionekane kama nguzo za chuma. Zaidi ya 1:1, lenzi fupi ndiyo inayofaa, kwa kuwa mvukuto hautatosha kwa nyingine: milimita 80 kwa uwiano wa 3:1 huhitaji milimita 320. Lenzi ya mashine ya kukuzia picha, ikigeuzwa ili upande wake wa nyuma ukitazame kitu, hufanya vizuri kuliko lenzi nyingi za kamera. Muda huongezeka mara 9 kwa 2:1 na mara 16 kwa 3:1, na kina cha ukali huwa cha kuhesabiwa kwa sehemu za milimita.

24. Vidoa vyeusi kwenye picha iliyochapwa vinatoka wapi?

Ni vumbi lililokaa juu ya filamu wakati wa kupiga. Kila chembe huzuia mwanga, huacha nukta wazi kwenye negativu, na nukta hiyo huchapwa nyeusi. Vidoa vyeupe, kinyume chake, ni vumbi lililoingia baadaye, wakati wa kuchapa. Mvukuto unaonyooshwa na kukunjwa kila mara hupumua vumbi, kwa hiyo usafishwe kwa ndani kabla ya holda. Unapoingiza filamu gizani, vijipengo vya ukingoni vikiwa pembe ya juu kulia, upande wenye dawa unakutazama wewe.

25. Negativu zina ukungu wa kijivu ingawa muda ulikuwa sahihi. Je, mvukuto unavuja?

Huenda. Ingiza tochi ndani yake katika chumba chenye giza na uchunguze pembe za mikunjo kwa nje, kwa kuwa ndipo nyufa huanzia. Tochi isipoonyesha kitu, mkosaji ni mwanga unaozunguka ndani: mvukuto ulionyooshwa sana una kuta ndefu, na lenzi humimina humo mwanga wa duara lote la picha, si ule tu unaoihusu filamu. Usuli mweupe mpana huzidisha hali hiyo. Weka kizuizi cha mwanga mbele ya lenzi na ukikaze hadi pembe zianze kuingia giza kwenye kioo, kisha ukirudishe nyuma kidogo. Angalia pia kama mvukuto umelegea katikati na kuingia kwenye njia ya picha. Tazama kupitia pembe zilizokatwa za kioo cha ukungu, na kama unaonekana, uinue kwa utepe uliofungwa kwenye reli ya juu au kwa kipande cha sponji chini yake.